Ahadi isiyo na kasma haina pa kushikiwa

Vipande vya video za kampeni za 2025 vimerudi kwenye simu za watu. Mgombea amesimama juu ya gari, mkono hewani, anataja barabara, kisima na zahanati. Chini yake mtu ameandika tarehe na swali moja: iko wapi? Mjadala unaofuata huishia palepale siku zote. Wapo wanaodai itungwe sheria ya kumwadhibu kiongozi aliyesema uongo, na wengine wanataka afungwe kabisa. Hasira hiyo ina sababu zake na sina nia ya kuipooza, ila dawa inayodaiwa si ya ugonjwa huu. Sehemu kubwa ya ahadi za majukwaani haziwezi kuthibitishwa kuwa zimevunjwa, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa popote zikiwa na mwenye nazo, kiasi cha fedha na tarehe. Hakuna sheria ya uongo itakayomnasa mtu aliyesema "tutawaletea maji". Anayeweza kunaswa ni yule ambaye maji yake yana kasma, yaani mstari wake wa fedha, kwenye kitabu cha bajeti, na kazi ya kumfikisha hapo hufanyika miezi mingi kabla ya hasira kuanza.

Tuanze na sheria zilizopo. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania inaorodhesha mambo yanayomfanya mbunge apoteze kiti: kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, kutowasilisha tamko la mali, kuvunja maadili ya viongozi wa umma, kukoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, na mengine machache. Kuwadanganya wapigakura hakumo. Kwa orodha hiyo mbunge ana sababu ya kukiogopa chama chake kila siku na kuwaogopa wapigakura wake mara moja kila miaka mitano. Ibara ya 100 nayo inalinda kauli za ndani ya ukumbi, hivyo alichosema mbunge bungeni hakihojiwi mahakamani. Nje ya ukumbi, ahadi ya jukwaani si mkataba. Hakuna aliyelipa kitu, hakuna saini, na hakimu hana pa kuanzia. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inazungumzia uadilifu, lakini kazi yake ya kila siku ni matamko ya mali, zawadi na mgongano wa maslahi.

Kuna wakati tulikaribia kubadilisha hilo. Rasimu ya pili ya Katiba, iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwishoni mwa 2013, ilikuwa na kifungu cha kuwaruhusu wapigakura kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Bunge Maalumu la Katiba lililokaa hapa Dodoma kuanzia Februari hadi Oktoba 2014 likakifuta, pamoja na ukomo wa vipindi vya ubunge. Hakuna cha kushangaza hapo: wengi wa wajumbe walikuwa wabunge, nao waliombwa kuandika kwa mikono yao kanuni ya kujifukuzisha kazi. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika mpaka leo.

Wanaotetea haki ya kumrudisha mbunge nyumbani wana hoja yenye uzito, nami naiunga mkono kwa sehemu. Ila tuangalie imefanya nini kwingine. Kenya iliiweka katika Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010, Bunge likaizungushia masharti magumu katika sheria ya uchaguzi, Mahakama Kuu ikayabatilisha masharti hayo mwaka 2017, na hakuna mbunge wa Kenya aliyewahi kuondoka kwa njia hiyo. Uingereza ina sheria ya namna hiyo tangu 2015: asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa jimboni wakisaini ndani ya wiki sita, kiti kinakuwa wazi. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa sababu tatu tu, nazo ni mbunge kuhukumiwa kifungo, kusimamishwa na Bunge kwa muda usiopungua siku 10 za vikao, au kutiwa hatiani kwa udanganyifu katika madai ya posho. Wa kwanza kuondolewa, Fiona Onasanya wa Peterborough mwaka 2019, alikuwa amefungwa kwa uongo aliowaambia polisi kuhusu gari lililozidisha mwendo. Hata kwa Waingereza, kuvunja ahadi hakukuingizwa. Wales ilikwenda mbali zaidi: Julai 2024 serikali yake iliahidi kuleta sheria ya kuwaondoa wanasiasa watakaothibitika kudanganya kwa makusudi. Kwa maneno mengine, na hiyo nayo ilianza kama ahadi.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaotaka adhabu ni ya usawa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mwananchi anayechapisha taarifa za uongo faini isiyopungua Sh milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kijana wa Area C akiandika uongo kwenye simu yake anaweza kufikishwa kortini. Mwenye cheo akiusema kwenye kipaza sauti mbele ya maelfu anapigiwa makofi. Mizani hiyo imelala upande mmoja, na anayesema vinginevyo haoni aibu. Lakini ukitunga kosa jipya la "uongo wa kisiasa" lazima useme nani atapeleleza, nani atashtaki, na ni nani atakuwa wa kwanza kukaa kizimbani. Watakaoitumia sheria hiyo ni vyombo vilevile vinavyoitumia hii ya mtandao. Sioni sababu ya kuamini kwamba wataanza na waziri.

Tunao mfano wa karibu, ndani ya ukumbi wenyewe. Kanuni za Kudumu za Bunge zinakataza kusema uongo bungeni na zinampa Spika mamlaka ya kumtaka msemaji athibitishe anachokidai. Juni 2024 Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa Kisesa, alimtuhumu aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kuwa amelidanganya Bunge kuhusu uagizaji wa sukari, akawasilisha ushahidi wake kwa Spika, kisha akauzungumzia mbele ya waandishi wa habari kabla Bunge halijautolea uamuzi. Mwisho wa yote, aliyesimamishwa vikao 15 ni Mpina, kwa kosa la kudharau mamlaka ya Spika na Bunge. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa sahihi katika hesabu za sukari. Kinachonigusa ni mwenendo wa shauri. Tuhuma ya uongo iliingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine ikiwa kosa la utaratibu, na umma haukupata jedwali la tani, vibali na tarehe ambalo lingeuwezesha kujiamulia. Ndivyo mashauri ya uongo yanavyokwenda, kwa sababu yanamhusu mtu na nia yake, na nia ina sehemu nyingi za kujificha.

Kwa upande wa pili wapo wanaosema hakuna haja ya lolote, sanduku la kura linatosha, tusubiri 2030. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala mzima. Miaka mitano ni bajeti tano. Ukisubiri uchaguzi, umeshaachia Juni tano zipite. Tena sanduku hufanya kazi hiyo pale tu penye wa kumchagua badala yake. Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Mwaka 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, nchi iliingia katika vurugu na vifo ambavyo viliundiwa tume ya uchunguzi. Mtu anayesema kura pekee itamwajibisha mbunge wa jimbo la namna hiyo atuoneshe itafanyaje kazi hiyo. Zaidi ya hapo, kura ni jibu moja kwa maswali mengi. Mpigakura wa Chemba anayemkataa mbunge kwa sababu ya maji anamkataa pia kwa shule aliyoijenga vizuri, na matokeo hayasemi ni ahadi ipi iliyomwangusha.

Ipo pia hoja ya kwamba mazingira hubadilika, na hii naikubali. Mafuta hupanda, mfadhili hujitoa, mvua huvunja daraja. Dodoma yenyewe ni ushahidi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa na TANU Oktoba 1973, kazi ikakadiriwa kuchukua miaka 10, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kuisimamia. Ukaja msukosuko wa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha uchumi ukaanguka. Sababu hizo zinaeleza vizuri kwa nini 1983 ilipita hivihivi. Hazielezi 1993, 2003 wala 2013. Katika miaka hiyo ahadi iliendelea kuishi kwenye hotuba bila jedwali la nani anahama, lini na kwa fedha gani, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Kilichobadilika baada ya Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali itahamia kabla ya 2020, ni kwamba tangazo lilipata ratiba. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba 2016, Makamu wa Rais Desemba 2017, wizara zikaja kwa awamu, nyingine zikianzia kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018, awamu ya kwanza ya Mji wa Serikali Mtumba ikazinduliwa Aprili 2019, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba mwaka huo. Kila hatua ilikuwa na jina la mtu na mwezi. Haimaanishi kila kitu kilikwenda vizuri: CDA ilivunjwa kwa amri Mei 2017 na migogoro yake ya viwanja ikaangukia halmashauri, ambayo bado inaisikia mpaka leo. Lakini hata mapungufu hayo yanahesabika, na ndiyo maana tunaweza kuyataja.

Linganisha pia reli na ajira. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulianza 2017 na kazi ilipangiwa miezi 30, yaani iishe mwaka 2019. Treni ya abiria ilianza Juni 2024, na ya Dodoma ikafuata Julai. Ucheleweshaji wa zaidi ya miaka minne, unaojulikana kwa sababu mkataba ulikuwa na tarehe. Serikali ilibanwa kila mwaka na ililazimika kutoa sababu. Sasa chukua Ilani ya CCM ya 2020, iliyoahidi ajira zisizopungua milioni 8 katika sekta rasmi na isiyo rasmi ifikapo 2025. Maneno "isiyo rasmi" yameimaliza ahadi kabla haijaanza. Kila aliyefungua genge la nyanya Majengo anaweza kuhesabiwa, na hakuna daftari la kumpinga anayehesabu. Ahadi ya kampeni ya 2015 ya Sh milioni 50 kwa kila kijiji ilikuwa na kasoro tofauti. Namba yake ilikuwa safi, lakini hakuna aliyeizidisha. Vijiji vya nchi hii ni zaidi ya 12,000. Mara milioni 50, ni zaidi ya Sh bilioni 600. Mwandishi yeyote mwenye kikokotoo angeweza kuuliza kwenye mkutano uleule wa kampeni: bilioni 600 zitatoka fungu gani, kwa miaka mingapi? Swali hilo lingekuwa na faida kuliko sheria yoyote, kwa sababu lingemlazimu mgombea ama aipunguze ahadi, ama aipe ratiba, ama anyamaze.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwani wengi wanaofuatilia ahadi hupotelea njiani kati ya maneno matatu yanayofanana: fedha zimetengwa, fedha zimetolewa, fedha zimepokelewa. Zikitengwa, maana yake Bunge limeidhinisha mstari kwenye kitabu. Hakuna shilingi iliyotembea. Zikitolewa, Hazina imeachia. Zikipokelewa, zimeingia kwenye akaunti ya halmashauri au ya kituo. Kati ya hatua ya kwanza na ya pili miradi mingi hufia humo, na waziri anayejibu "Serikali imetenga Sh milioni 500" hajasema uongo wowote. Ndiyo sababu jibu lake linapita. Mradi ukishavuka hapo bado una kibali cha manunuzi, zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, mkataba, malipo ya awali na kazi yenyewe. Na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, hivyo fedha iliyochelewa kufika hubaki bakaa inayohitaji ruhusa upya. Kanda ya kati ina tatizo la ziada ambalo vitabu vya bajeti havilioni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Fedha ya barabara ya vumbi ikitolewa Novemba, mkandarasi anapeleka mitambo mbugani udongo ukiwa umeanza kulowa, anasimama mpaka Mei, na Juni kitabu kinafungwa. Hapo hakuna aliyedanganya, na barabara haipo.

Kwa anayetaka kuishika ahadi kabla haijateleza, mahali pa kwanza ni Kitabu cha Nne cha bajeti, cha matumizi ya maendeleo, ambacho Wizara ya Fedha hukiweka kwenye tovuti yake. Mkoa wa Dodoma ni Fungu 72, Singida ni Fungu 84. Humo unatafuta jina la mradi na kasma yake. Usipouona, usihitimishe haraka: barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, barabara kuu na za mkoa na TANROADS, maji ya vijijini na RUWASA, maji ya jiji na DUWASA, umeme wa vijijini na REA, na kila mmoja ana bajeti yake chini ya wizara yake. Hapo ndipo utakapogundua jambo ambalo wagombea hawalisemi, kwamba mbunge hana fedha ya lami. Alichonacho ni uenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, unaotosha kumalizia madarasa, kununua mabati au pampu, si kujenga kilomita za lami. Mbunge anayeahidi lami anaahidi mfuko wa mtu mwingine. Angekuwa mkweli zaidi kama angesema: nitauliza swali la msingi, nitakwenda TANROADS kuangalia usanifu umefika wapi, nitadai kwenye kamati. Hizo ndizo ahadi anazoweza kuzitimiza mwenyewe, na ndizo anazoweza kupimwa kwazo kwa kufungua Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Bwawa la Farkwa wilayani Chemba, linalokusudiwa kuzuia maji ya Mto Bubu kwa ajili ya jiji na wilaya jirani, ni somo zima la jambo hili. Limezungumzwa kwa miaka mingi, na kila mara limekuwa na habari ya kweli ya kutolewa: upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, fidia, mazungumzo na wafadhili. Ukiweka kauli hizo moja baada ya nyingine huwezi kuonesha uongo ndani yake. Unachoweza kuonesha ni kwamba hatua moja imetangazwa mara mbili au tatu kama jambo jipya. Hilo ni kosa la kumbukumbu zetu kuliko la ulimi wa msemaji, kwa kuwa hakuna anayeweka daftari linalosema mwaka fulani ulituambia usanifu umekamilika, mbona leo unatuambia unakamilishwa.

Kosa jingine ni kuruhusu ahadi ihesabiwe kwa kitu badala ya huduma. Chukua kisima. Kuna utafiti wa maji ardhini, kuchimba, kupima wingi wa maji, kupima ubora, kisha pampu, umeme au sola, tangi na vituo vya kuchotea, halafu chombo cha watumia maji cha kukiendesha. Kwa ardhi yetu ya Dodoma na Singida, kisima kinaweza kushindwa kwenye hatua ya tatu kwa kuwa kikavu, au ya nne kwa chumvi na floraidi. Kwenye taarifa kitaandikwa "kimechimbwa", nalo ni kweli. Kituo cha afya ni hivyohivyo. Kiasi kilichozoeleka ni Sh milioni 500, mara nyingi kwa awamu mbili za 250, kikijengwa na mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Awamu ya kwanza inaweza kuinua jengo la wagonjwa wa nje, maabara na kichomea taka; ya pili ikichelewa, bei ya nondo na saruji inakuwa imeshapanda na wodi ya wazazi inasimama usawa wa lenta. Na hata majengo yote yakikamilika na utepe ukakatwa, upasuaji haufanyiki kama hakuna mtaalamu wa usingizi. Mwanamke wa kijijini Mpwapwa aliyeahidiwa kujifungua salama atasafirishwa vilevile, huku ahadi ikiwa imewekewa alama ya tiki. Basi swali la mkutanoni lisiwe "kituo kitajengwa lini". Liwe upasuaji wa kwanza utafanyika mwezi gani, na nani amepangwa kuufanya.

Kwa kipimo hicho, ahadi za siku 100 zilizotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan katika uzinduzi wa kampeni Agosti 2025 zilikuwa hatua mbele, hata kwa asiyempenda. Zilikuwa na muda na zilikuwa na namba: watumishi wapya 5,000 wa afya, walimu 7,000 wa hisabati na sayansi, majaribio ya bima ya afya kwa wote. Mjadala wake mitandaoni, hata hivyo, uligeuka kuwa wa imani, wa kukubali wote au kukataa wote. Lililopaswa kuulizwa ni dogo na kavu: "kuajiri" kunahesabiwa kuanzia wapi? Kuna kibali cha ajira, kuna tangazo la Sekretarieti ya Ajira, usaili, barua ya kupangiwa kituo, kuripoti, na kuingizwa kwenye orodha ya mishahara kwa cheki namba. Kibali kikitoka siku ya 90, Serikali inaweza kusema imetimiza. Mwanafunzi wa sekondari ya Bahi hataona mwalimu mpaka hatua ya tano. Kipimo sahihi ni mshahara wa kwanza, na kinapatikana kwa kuiuliza halmashauri moja moja imepokea wangapi.

Kuuliza huko kuna sheria. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Udhaifu wake ni kwamba ukinyimwa, rufaa huishia kwa waziri. Pia maombi mengi hufa kwa sababu yameandikwa vibaya: anayeomba "taarifa zote za mradi wa maji" amempa mtumishi sababu ya kukaa kimya. Omba kitu kimoja chenye jina, kwa mfano nakala ya stakabadhi ya mapokezi ya fedha za mradi fulani kwa mwaka wa fedha fulani, na baki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa masjala. Ngazi ya kijiji ni rahisi zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Usipoitishwa, huo nao ni uvunjaji wa sheria unaothibitika bila kubishana juu ya nia ya mtu. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na milango yake iko wazi kwa wananchi. Viti vya wageni katika mabaraza mengi hukaa vitupu, na madiwani wanalijua hilo.

Kuhusu Bunge lenyewe, kuna jambo moja la bei nafuu lisilohitaji Katiba mpya. India, tangu 1953, bunge lake la Lok Sabha lina kamati ya ahadi za Serikali. Makatibu wake hupitia majibu ya mawaziri na kuchomoa kila kauli iliyomo kwenye orodha maalumu, zikiwamo zile za "tunalifikiria" na "tutalifanyia kazi", wizara inapewa miezi mitatu kutimiza au kuomba muda zaidi kwa sababu, na kamati inaita wanaochelewa. Zambia nayo ina kamati yenye jina hilohilo. Kwetu anayeratibu shughuli za Serikali bungeni ni Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani aliyeahidi ndiye anayetunza orodha ya alichoahidi, na mbunge aliyeuliza hubaki kufuatilia peke yake. Tunajua kamati yenye makaratasi ina nguvu gani. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kutokana na ripoti ya kamati teule ya Harrison Mwakyembe juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mwishoni mwa 2014 taarifa ya kamati ya hesabu za Serikali juu ya fedha za Tegeta Escrow ilimwondoa Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili kati ya Desemba na Januari. Wote hao walibanwa na mikataba, tarehe na miamala ya benki. Hakuna aliyeondoka kwa sababu ya kuitwa mwongo.

Utaratibu huu ukishika, wanasiasa wataahidi machache. Kampeni zitapoa, na mgombea mwenye ulimi mtamu atapoteza faida yake mbele ya yule anayejua tofauti ya usanifu na mkataba. Kuna watakaolalamika kwamba tunawanyima wananchi matumaini. Lakini pia kuna hatari ya kweli ambayo siipuuzi, kwamba viongozi watajifunza kuahidi vinavyohesabika tu, madarasa na matundu ya vyoo, wakaacha yale magumu kama ubora wa elimu au uhuru wa kukusanyika, yasiyo na kasma. Kwa hayo bado tutahitaji siasa ya kawaida, ya vyama, mahakama na magazeti, na hiyo ina matatizo yake yanayotaka makala nyingine.

Kalenda haisubiri mjadala wetu. Mipango ya halmashauri za Dodoma huanza kuandikwa Novemba kutoka vijijini na mitaani, hupita kamati za maendeleo za kata, hufika baraza la madiwani na kamati ya ushauri ya mkoa kabla ya Bunge la Bajeti la Aprili. Anayeishika video ya kampeni mwezi Juni na kuuliza kisima kiko wapi amekuta kitabu kimeshachapwa. Aende nayo Novemba kwenye kamati ya kata, aombe iandikwe kwenye muhtasari kama mradi wenye makadirio ya fedha, na Machi afuate kuona kama mstari ule bado upo au kuna aliyeukata, na kwa kikao gani.